Vitisho vya Mshona Majoho

Ujumbe wa nne wa vitisho ulipoingia, mshonaji wa majoho ya kwaya alishtuka hadi akajichoma sindano. Jumbe tatu za kwanza hazikumkosesha hata lepe la usingizi. Angeogopa nini, na alizituma mwenyewe?

Ilikuwa hivi. Kwenye kwaya yao kulikuwa na fundi wa kompyuta, mpole, mwenye miwani mizito, aliyeimba besi huku akitazama viatu vyake. Kila alipokwenda kupimwa joho alisema, "Bwana asifiwe, dada," basi, hana la pili. Mwaka huo mshonaji alimpima mabega mara tatu. Mabega yalikuwa yale yale.

Ndipo akanunua laini mpya ya simu, akajiandikia: "Mshona majoho, nakuona." Kesho yake: "Mshona majoho, uko peke yako." Ijumaa akaongeza wa tatu, akampelekea fundi simu yake huku akitetemeka kidogo, kwa kiasi. Ile laini akaikatakata kwa mkasi wa kitambaa, akapiga magoti akatubu.

Jioni hiyo fundi akaja na kompyuta mgongoni. Humo ndani alikuwa na mtambo aliouunda mwenyewe, akili ya kisasa hasa: unasoma maandishi ya mtu, anavyokatiza maneno, anavyosahau nukta, kisha unamtaja mwandishi, umri wake, mahali alipo, hata lililo moyoni mwake.

"Utamtaja kabisa?" mshonaji akauliza.

"Kama kumwanika juani, dada. Ila unataka jumbe sita. Chini ya hapo unabahatisha. Nimeupa hizi tatu, nao umesema ni mchungaji."

"Na zikiishia hapo hapo?"

"Basi hatutamjua. Nitafunga vitu vyangu niende." Alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Mama yake mshonaji akatoka jikoni na birika mkononi. "Uende wapi, baba? Keti unywe chai kwanza. Haraka haraka haina baraka."

Na kesho yake ndipo ulipokuja huo wa nne, kwa namba asiyoijua: "Jioni usitoke nyumbani." Fundi alipofika, mshonaji alimshika mkono kwa woga wa kweli, akasahau kuuachia. Siku ya pili ukaja wa tano: "Usikae peke yako hata dakika moja."

Kuanzia hapo fundi akahamia sebuleni kila alasiri, kati ya cherehani na rundo la majoho. Walisali kabla ya kuwasha mtambo, wakasali baada ya kuuzima, na katikati walicheka. Wiki ya pili fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila kuvua miwani. Wiki ya tatu alishona vifungo tisa, saba upande usio wake.

Mama alikuwa akichungulia, anaiona kompyuta imekaa katikati yao kama mgeni asiyeaga, anaguna.

"Mmempata?"

"Bado, mama. Umebaki ujumbe mmoja."

"Wiki tatu! Kwani mnamtafuta au mnamlea?"

Moyo wa mshonaji ulikuwa njia panda. Aliyemtisha kweli alikuwa huko nje, hana sura. Lakini angetuma mmoja tu zaidi, mtambo ungezisoma zote sita, na zile tatu zake zimo. Kufukuzwa kwaya angevumilia. Ila fundi angemjua kuwa ni mwongo, na mlango ule asingeukanyaga tena.

Jumamosi alasiri, mshonaji akiwa anapiga pasi kola, simu ikalia. Akasoma, pasi ikabaki juu ya kola mpaka moshi ukapanda.

"Siku zenu zinahesabika. Semeni yaliyo moyoni, au nitayasema mimi."

Kompyuta, ambayo fundi alikuwa ameiunganisha na simu ile, ikaunguruma yenyewe. Kioo kikajaa mistari inayokimbia.

"Unaanza na wa mwisho, unarudi nyuma," fundi akanong'ona. Badala ya kufurahi, alikuwa amekifunika kioo kwa viganja vyote viwili.

"Kaka, uzime! Nakuomba!"

"Ukishaanza hauzimiki." Jasho lilimtiririka hadi kwenye miwani. "Dada, kabla haujasema wenyewe, nisamehe. Wa nne na wa tano ni mimi. Niliona kazi inaisha, nikaogopa. Sikujua tena nitakuja kwa sababu gani."

Mshonaji akajibwaga juu ya rundo la majoho, pini na yote. Hata hakuzisikia. "Na tatu za kwanza ni mimi," akasema. "Mabega yako yamenishinda."

Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka machozi. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa joho, akaikalisha tena puani kama mtu anayejiandaa kusoma somo mbele ya waumini.

"Basi, twende kwa mchungaji, tuandikishe ndoa?"

"Leo hii hii," mshonaji akasema. Halafu kicheko kikamkatika. "Ngoja kwanza. Na huu wa sita je?"

Wakatazama mikono yao, yote minne. Mitupu. Fundi akasogea, akasimama kati yake na mlango wa mbele.

Mtambo ukalia kengele, ukatangaza kwa sauti tamu iliyojaa nyumba nzima: "Mwandishi ni mwanamke wa miaka sabini na mbili. Yuko mita nne kutoka hapa. Amechoka kusubiri wajukuu."

Jikoni, vyombo viliacha kugongana.

"Mashine yenyewe haijui kitu!" sauti ikatoka huko. "Mimi nina sabini na moja."