Makapi ya Kahawa

Tangu sheria imtake kila mtafiti wa jeni achunguze ukoo wake mwenyewe tu, Dokta Kokushubira hakuwa tena na ndugu. Alikuwa na sampuli.

Upofu uliompata baba yake akiwa na miaka sabini ulikuwa ukitembea kwenye damu yao, naye aliapa kuufuata mpaka kwenye chimbuko. Kwa miaka kumi na minane aliwakaribisha jamaa nyumbani kwake Bukoba, akawapa kahawa ya kutafuna kama desturi inavyotaka, kisha akaokota makapi waliyotema, maana mate hayafichi kitu. Kati ya jamaa wa nje ya nyumba yake alibakiza mmoja tu, Shangazi Kemilembe, mdogo wake baba.

Jumapili moja shangazi alitafuna, akatemea kwenye leso yake, akaifunga fundo.

"Shangazi, nakuomba. Hutaambiwa chochote."

"Mwanangu, ukishajua wewe, nami nimeshajua. Nitakusoma usoni."

"Basi nitajifunza kuuficha uso."

Shangazi akacheka, akafungua fundo. "Una kichwa kigumu kama baba yako. Haya, chukua."

Siku tatu mfululizo Kokushubira alifanya mazoezi mbele ya kioo cha maabara. Majibu yalipotoka, alirudi nyumbani na tabasamu lisilo na dosari.

Binti yake, Asimwe, alikuwa sebuleni akitafuna kahawa. Alimtazama mama yake usoni, akaona tabasamu asilolijua, taya zikasimama. Kisha akatoa leso, akatemea ndani yake, akaifunga fundo.