Komeo la Nje

Katika mji huu hakuna nyumba inayojengwa ila kwa kiolezo cha manispaa, na mashine hujenga kila kilichomo bila kuuliza. Kiolezo hicho alikitengeneza Salha. Muda ulimbana, akachukua mchoro wa nyumba yake mwenyewe, akafuta jina lake na samani, akauhifadhi kuwa kiolezo. Komeo alilisahau.

Lilikuwa upande wa nje wa mlango wa chumba cha nyuma, anakolala mama yake, ambaye siku hizi husahau mambo na miguu humpeleka barabarani. Salha humfungia kila anapokwenda kazini. Hakuna jirani anayejua.

Jana Salha na mama yake walikwenda kumpongeza Bi Mwantumu kwa nyumba yake mpya. Mama alipita chumba hadi chumba akisifu, mpaka akafika kile cha nyuma. Akaligusa komeo.

"Na nyinyi mnalo?"

"Limekuja na nyumba, shoga," Bi Mwantumu alicheka. "Mwanzo sikujua la nini. Sasa mzee wangu akianza vurugu zake, nalisukuma tu. Kimya!"

Salha aliinamisha uso.

Njiani mama alimshika mkono, mchangamfu kuliko alivyokuwa kwa muda mrefu.

"Kumbe ndivyo nyumba zilivyo. Mimi nilidhani unanionea haya, mwanangu."

Leo asubuhi Salha alikusudia kuuacha mlango wazi. Alikuwa ameshabeba mkoba wake wa kazi aliposikia sauti kutoka chumba cha nyuma.

"Salha! Mbona hujafunga?"