Neno la Kuogopa

"Rudia," alisema Burhani, na ngumi yake ikairusha sahani mezani.

Mwatima, mkewe, akarudia kwa Kichina, taratibu: usingizi hauji. Hakumtazama mumewe usoni.

Burhani alikuwa amefura tangu asubuhi. Mke mwenye heshima zake anakwenda kuweka miadi kwa daktari wa akili, tena bila kuuliza mtu! Wazanzibari wote wa mtaa wa Sanyuanli wangejua kabla ya adhuhuri. Yeye aliambiwa tu kwamba siku imepangwa na mkalimani anahitajika. Haya, kwa ukalimani hakuwa na mpinzani mjini Guangzhou. Maisha yake yote hapa alisimama kati ya wateja wa Dar na malaoban, mabosi wa Kichina wa viwandani, na kazi yake ilikuwa kupunguza makali. Mteja akitukana, yeye hutafsiri ombi. Laoban akiwaka, yeye hutafsiri samahani. Biashara ikaenda.

"Unajifunzia nini, na mimi nipo?" aliuliza.

"Nataka nijue kusema."

"Wewe kaa kimya. La kusema nitalijua mimi."

"Vyombo vinavunjwa nyumbani. Hilo wanasemaje?"

Burhani akamwambia. Mwatima akatikisa kichwa. "Hiyo ni 'kikombe kimeanguka.' Nimeshamuuliza mama mwenye nyumba."

Damu ikampanda Burhani hadi utosini. Kumbe siri za ndani zinaanikwa hadi kwa mwenye nyumba! Akakipiga teke kiti, kikagonga ukuta. Mwatima hakushtuka. Alikiinua, akakirudisha mahali pake, akakaa.

"Limebaki moja. Mtoto anaogopa kurudi nyumbani."

Ilham, binti yao wa pekee, alikuwa amehamia kwa shangazi yake Fathiya, na kila akipigiwa simu alitoa jibu lile lile: mkishakwenda kwa daktari, nitarudi. Jibu hilo lilimuuma Burhani kuliko aibu yote ya mtaani. Asingekuwa Ilham, asingekubali kukanyaga huko.

"Sema mtoto amewakumbuka wazazi wake," alisema.

"Kuogopa, Baba Ilham. Haipa. Neno ninalijua. Nilitaka kulisikia kinywani mwako."

Siku ilipofika Burhani alivaa suti yake ya kwendea maonyesho ya biashara ya Pazhou. Ndani ya metro kila Mchina aliyemtazama alimwona kama anamcheka. Mwatima alikuwa akinong'ona pembeni yake. Mwanzoni Burhani alidhani ni dua, kisha akasikia kuwa ni Kichina.

Walikaa kwenye benchi la hospitali. Mlango ukafunguliwa, nesi akachungulia.

"Burhani."

Akainuka upesi, akaiweka sawa tai yake. Popote walipokwenda, jina la mkalimani ndilo lililotangulia. Nesi akamwonyesha kiti kilichotazamana na daktari.

"Hapana," alisema Burhani kwa Kichina chake kizuri, "mgonjwa ni mke wangu." Akageuka kumwita.

Mwatima alikuwa ameshaingia na kuufunga mlango. Alisimama nyuma ya kile kiti, akakishika mgongoni, sauti haitetemeki.

"Kaa, Baba Ilham. Leo ninakutafsiria mimi."