Mabano Yaliyokatwa

Niliandika ubaoni x² − 9, nikapiga mstari, na chini yake nikaandika x − 3. Nikatafuta vigawo. Juu yakatokea mabano mawili, na moja lilifanana kabisa na la chini. Nikayakata yote mawili kwa chaki. Ikabaki x + 3.

Hapo ndipo mwanafunzi wangu Mugeni alikuwa akinikatiza kila mara, kutoka benchi la dirishani. "Ticha, andika x haiwezi kuwa tatu, chini itakuwa sifuri. Umekata mabano, lakini bado yanakataza."

Mimi nilikuwa nasahau kila mwaka. Yeye hakusahau hata siku moja.

Likizo ya Mei aliingia shimoni kwenye machimbo ya Tiira na kaka zake kuchimba dhahabu, na shimo likaporomoka. Kaka zake walitoka. Yeye hakupatikana. Kwao tulichukua shina la mgomba badala ya mwili wake, tukalivisha sare yake ya shule, tukalizika. Mama yake akanishika mkono.

"Ticha, hii itamtuliza?"

Nikamjibu itamtuliza.

Sasa chaki ilikuwa bado vidoleni mwangu, nimeugeukia ubao, nikasikia nyuma yangu sauti ya chini ikisema, "Bado yanakataza."

Nikageuka. Wanafunzi wote arobaini walikuwa wamenipa kisogo. Walikuwa wakilitazama lile benchi la dirishani, ambalo halijakaliwa na mtu tangu likizo.

"Nani amesema?" nikauliza.

Msichana wa mbele akanijibu bila kugeuka.

"Ticha, wewe andika tu."