Ndiyo, Na...

Wanafunzi wa uzamili wa biashara walikuwa wametapakaa kwenye sakafu ya ukumbi wa chini, wakitambaa na kulia kama bata, na Profesa Halvor Brekke ilimbidi awaruke ndipo azifikie ngazi. Mmoja aligonga kiatu cha profesa kwa kipaji cha uso, akamweleza kwa furaha kwamba hilo ni somo la uongozi. Halvor akakipangusa kiatu, akaendelea kuruka.

Tangu Craig Tillman awe mkuu wa kitivo, chuo chao cha huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kilikuwa kimeshikwa na homa ya sanaa. Wahasibu watarajiwa walifinyanga udongo ili "waizoee hatari." Somo la masoko lilifundishwa kwa kucheza ngoma miguu peku. Kuta zilipakwa rangi kwa viganja, na chini ya uchafu mmojawapo palibandikwa jina: Hofu ya Mwekezaji. Si kwamba Halvor aliichukia sanaa. Mkewe alipiga kinanda kanisani, naye alikaa benchi la mbele kumsikiliza. Kilichomtia kinyaa ni kuiona sanaa ikigeuzwa kitambaa cha kufutia meza za ofisi.

Yeye alifundisha uhasibu wa gharama. Hakuna aliyeweza kumfukuza, maana ajira yake ilikuwa ya kudumu mpaka aamue mwenyewe kuondoka. Ila somo lake Tillman aliweza kulifuta, na uvumi ulisema studio ya ubunifu ilikuwa ikitafutiwa nafasi. Somo hilo Halvor alilijenga kwa mikono yake. Bila hilo angebaki mtu wa kuhudhuria vikao na kunywa kahawa.

Basi ilipotangazwa kwamba walimu wote watafundishwa maigizo ya papo kwa papo, alimeza mate machungu, akaamua kwenda.

"Wewe uigize?" mkewe, Solveig, alimcheka. "Wewe hata kwenye harusi yetu ulisimama kama mlingoti."

Alimjibu kwamba ili kuliokoa somo lake yuko tayari kuwa bata.

Tangazo lilisema kanuni ni moja tu. Mwenzako akikupa jambo, usilikatae, sema "Ndiyo, na...," kisha uongeze lako. Tena igizo laweza kuanza popote, bila onyo.

Alipofika ghorofani walimu wenzake walikuwa wameshakaa. Tillman akamshika kiwiko mlangoni, akamwomba waingie kwanza chumba cha pembeni. Ndani alikaa mwanamke mgeni, mwenye skafu ya manjano na miwani mikubwa. Tillman alisema tu kwamba anaitwa Paige na yuko hapo kusikiliza. Halvor akaitazama ile skafu, akajua kwamba mwalimu wa maigizo ndiye huyu.

"Halvor, hili si rahisi," Tillman akaanza. "Tunalifuta somo lako. Na chuo kinakuomba ustaafu mwisho wa muhula huu, kwa hiari yako."

Halvor nusura acheke. Minnesota mtu hakupi habari mbaya kabla hajakuuliza habari za baridi na kukulazimisha kipande cha keki. Tillman ndiye zaidi, maana hata akitaka kukunyima chaki huanza kwa kukusifia tai. Kumsikia akisema wazi namna hii kulimthibitishia Halvor kwamba hili ni igizo, tena la kitoto. Akajikaza.

"Ndiyo," akasema, "na ningeshaondoka zamani kama mngeniomba."

Tillman akamtazama Paige. Paige akamwashiria kwa kichwa aendelee.

"Una hakika? Hatukulazimishi, mzee wangu. Unaweza kukataa."

Mtego huo, Halvor akawaza. Wanataka nikatae ili waseme sifundishiki.

"Ndiyo, nina hakika, na ofisi yangu igeuzeni chumba cha udongo. Na somo langu mlizike kwa ngoma."

Maneno yalimtoka kwa wepesi uliomchukiza yeye mwenyewe. Akamwambia Tillman kwamba ana maono makubwa, na kwamba uhasibu ni kazi ya wafu. Kila uongo ulimwachia ladha ya sabuni mdomoni. Macho ya Tillman yalilengwalengwa na machozi, na Halvor akakiri moyoni kwamba jamaa ana kipaji.

"Sikutegemea ulipokee hivi," Tillman akasema. "Nimekosa usingizi kwa ajili ya leo. Naweza kuwaambia wenzetu?"

"Ndiyo, na nitasimama kando yako."

Paige akampa mkono, akamshukuru kwa kuyasema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, mbele yake yeye shahidi wa chuo. Hapo Halvor aliona amefaulu. Alijisikia mchafu kama aliyechezea matope, lakini somo lake limepona.

Wakatoka. Tillman, kwa sauti iliyokatikakatika, akatangaza kwamba Profesa Brekke ameamua kustaafu na kuwapisha wengine. Walimu wote wakasimama, wakapiga makofi, baadhi wakifuta macho. Halvor akainama kama mwigizaji jukwaani, kisha akainama tena.

Makofi hayajaisha, mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia mwanamume mwenye ndevu, theluji mabegani, akihema.

"Jamani, samahanini kwa kuchelewa, gari lilinasa njiani," akasema. "Mimi ndiye mwalimu wenu wa maigizo. Nani anataka kuanza?"