Makande ya Mzee Senkondo

Zama hizo kila filamu ilijigeuza ili kumfurahisha mtazamaji, ikimpa nyuso na vyakula vya kwao. Wataalamu waliita hilo adabu. Watu wa Peru walimwandikia Namkunda kwamba katika filamu yake wamewaona baba zao wakila viazi. Yeye alikuwa amemrekodi marehemu baba yake akila makande kule Usangi.

Akamwonyesha mama yake, akiamini kwamba kwa wenyewe hapakuwa na cha kugeuza. Mzee Senkondo alitafuna, akainua uso, akatabasamu.

“Kitamu, mke wangu.”

“Huyu si baba yako,” mama alisema. “Yule hakuwahi kunisifu. Aliomba chumvi tu.”

Namkunda, kwa uchungu, alinyoosha mkono azime.

“Mwache, mwanangu. Hajamaliza kula.”