Kofia ya Shimoni

Mbwa aliamka kutoka usingizi wa dawa, akageuza shingo, akaanza kulamba mahali alipohasiwa asubuhi. Guelord akamzuia kwa mkono.

"Kuvimba kidogo haina matata," daktari wa wanyama alikuwa amemwambia. "Lakini asilambe. Akilamba, kidonda itafunguka. Umuvalishe kitu mu shingo."

Ndoo iliyotobolewa ingefaa shingoni, lakini nyumbani ilikuwa moja tu, ya maji ya kunywa. Guelord akainua macho ukutani, kwenye kofia yake ngumu ya uchimbaji. Hata baada ya shimo kumfunika mdogo wake, aliendelea kuivaa na kushuka, mpaka mke wake akachoka kumsihi.

Akang'oa taa ya kofia, akaibana kofia kati ya magoti, akaitoboa juu kwa kisu, tundu la kupita kichwa cha mbwa. Alipomvika, masikio ya mbwa yalikuwa bado baridi kwa ile dawa.

"Tata," mke wake aliuliza polepole kutoka mlangoni, "kesho utashuka na nini mu shimo?"

Guelord aliyasugua yale masikio mpaka yakaanza kupata joto.

"Hii imbwa haiwezi kubakia peke yake," alisema.

Mke wake akaiokota taa, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.